Zana Mbili, Maelezo Mamoja: "Ya Gari"

Niliacha shule darasa la sita, nimepitia kazi nyingi, na sijaona mashine nisiyotaka kuichokonoa. Ndiyo maana chama chetu cha wakulima hapa Tukuyu kilinipa niiandikie akili mnemba maelezo ya zana zake, ijue ipi itumike lini. Moja huangalia gari la chama la kubeba mazao liko wapi, nyingine huliagiza. Mimi, fundi mkubwa, zote nikaziandikia: "Ya gari."

Juzi mzee mmoja wa Suma akaiuliza kwenye simu kama gari lipo. Ikamwagizia. Gari likaenda kwa mtu ambaye hajachuma hata tunda, huku parachichi za Mama Tumaini wa Kawetele zikilowa mvua barabarani, zikilingoja gari hilohilo.

Aliingia ofisini akichuruzika maji. "Gwe, wewe fundi, nani kapeleka gari langu Suma?"

"Mashine, mama."

Mwenyekiti akaiuliza mashine mbele yetu sote. Ikajibu: "Zana mbili zina maelezo yaleyale, 'Ya gari.' Nilishindwa kuzitofautisha."

"Nani aliyaandika?" akauliza Mwenyekiti.

"Mimi," nikasema. "Na atakayeyaandika upya ni mimi. Sitoki hapa kabla sijamaliza."

"Utaandika," akasema Mama Tumaini. "Kwanza niitie gari. Kwa mdomo wako."