Sabufa Kwenye Kona ya Mama

Kaka yangu alinunua sabufa kubwa kuliko sebule, na mpaka leo nikilikumbuka lile dude damu inanichemka. Sina ugomvi na muziki. Nina ugomvi na watu wazima wanaofanya mambo bila kufikiri, halafu wanangoja wapigiwe makofi.

Sebule yenyewe ni ya Mama, hilo lieleweke mapema. Baba alifariki sisi tukiwa wadogo, akamwachia Mama mashine ya kusaga unga. Ndugu za Baba wakasema mwanamke hataiweza. Mama akajifunga kibwebwe, akaiweza. Mkanda ukianza kulegea alijua kwa sauti tu, kabla haujachomoka. Watu wakamwita Mama Mashine. Jioni alirudi nyumbani nyusi nyeupe kwa unga, akaongea nasi kwa kupaza sauti kana kwamba ile mashine imemfuata hadi jikoni, nasi tukamcheka. Kwa kazi hiyo alijenga nyumba na kutusomesha sote wawili.

Uzeeni alijichagulia kiti chenye mikono ya mbao, akakiweka kwenye kona ya sebule, pale kuta mbili zinapokutana nyuma ya mlango. Hapo ndipo alipokaa kila siku. Ukimsogezea kiti dirishani apate hewa, anakirudisha mwenyewe bila kusema neno. Tulidhani ni ukaidi wa uzee.

Kaka anaishi humo na mkewe, wifi yangu. Anafanya kazi kwenye duka la matairi, na tangu apewe usimamizi wa ghala kichwa kimemvimba. Mimi namwita Meneja, kwa kumsuta, naye anaitika bila haya. Alikuwa ameshanunua runinga pana na spika ndogo za kutundika ukutani. Kilichobaki ni sabufa, eti filamu imwingie mpaka kwenye mifupa.

Siku ya kuinunua tulifuatana, kwa kuwa mimi ni fundi cherehani na nilikuwa nakwenda kutafuta zipu mtaa huohuo. Muuzaji alikuwa mtu mstaarabu. Aliuliza sebule ina upana gani na kochi liko umbali gani na runinga, kisha akatuonyesha sabufa ndogo ya inchi nane.

"Hii inakutosha, kaka. Chumba kidogo ukikipa besi kubwa utasikia ngurumo tu. Maneno yote yanamezwa."

"Wewe unaniona mimi mtu wa inchi nane?"

"Sabufa si kiatu, kaka. Haipimwi kwa mwenye nayo."

Nilicheka mpaka nikashika kaunta. Meneja hakucheka. Akachukua ya inchi kumi na mbili, na yule muuzaji, alipoona sikio la kufa halisikii dawa, akampa angalau ushauri wa namna ya kuiweka. Iweke kwanza juu ya kochi, pale utakapokaa wewe. Piga wimbo wenye besi nzito. Halafu piga magoti, utambae kando ya kuta zote huku unasikiliza. Pale utakaposikia besi nzuri, imejaa lakini haivumi, ndipo pa kuiweka.

Jumamosi nikaenda kumpelekea Mama gauni nililomshonea. Kabla sijafika mlangoni nikasikia vijiko vinacheza kabatini. Ndani, sabufa imekaa kwenye kochi kama mgeni wa heshima, na kaka yangu, msimamizi wa ghala, anatambaa sakafuni na suruali yake ya kazini, makalio juu, sikio likisugua ukuta. Kiti cha Mama kilikuwa kimetolewa na kusimamishwa ukumbini. Mama mwenyewe alikuwa uani anaanua nguo.

"Hapa!" Kaka akapiga kelele kutoka kwenye kona. "Hapa hapa! Dada, njoo usikie! Chumba kizima hakuna pengine kama hapa."

"Hiyo ni kona ya Mama."

"Nitamuuliza. Kwani mimi sina adabu?"

Nilikuwa na wateja wananingoja, nikaacha gauni mezani nikaondoka. Niliporudi wiki iliyofuata, sabufa ilikuwa imejaa kwenye ile kona, nyeusi tii, na juu yake wifi ameweka kitambaa na chupa ya maua. Kiti cha Mama kilikuwa kwenye ukumbi mwembamba wa kwenda jikoni na chooni. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mama." Hakusema marahaba. Alitabasamu, akaitikia kwa kichwa.

Nikajua amenuna. Mama akikasirika haropoki, anakusanya. Kimya kingi kina mshindo mkuu, nami nikaungoja huo mshindo. Haukuja. Kila nikienda, ni tabasamu na kichwa. Nikimuuliza amekula, kichwa. Nikimuuliza anaumwa, kichwa.

"Siku hizi Mama ametulia kweli," wifi akaniambia, na nilimwona amefurahi. "Hana maneno na mtu."

Nilikasirika mpaka cherehani ikaniona adui. Nilishona mkono wa shati la mtu nje ndani. Mtu anajenga nyumba kwa kumeza vumbi la unga, halafu mwanawe wa kumzaa anamhamishia njia ya choo, ampishe spika! Na yeye ananyamaza. Nilimkasirikia hata yeye, kusema kweli. Kwa nini hasemi, mwanamke aliyewashinda mashemeji zake wote?

Jumapili moja Kaka alialika wenzake wa kazini waje kuangalia filamu. Nilipoingia, magari yalikuwa yanalipuka kwenye runinga na sakafu inatetemeka chini ya viatu vyangu. Mama amekaa ukumbini, sahani mapajani. Mgeni mmoja alikuwa anakwenda chooni. Akairuka miguu yake kama mtu anayeruka mtaro, akasema samahani Mama, na Mama akaitikia kwa kichwa.

Hapo sikungoja tena. Nilipita mbele ya wageni nikachomoa waya ukutani. Nikaweka chupa ya maua chini, nikalikumbatia lile dude na kulivuta. Lilikuwa zito kama gunia la mahindi. Lilikwaruza sakafu mpaka katikati ya sebule, na hakuna mwanamume hata mmoja aliyeinuka kunizuia wala kunisaidia. Nikaleta kiti, nikakirudisha kwenye kona. Nikamshika Mama mkono, nikamkalisha.

"Wewe una wazimu?" Kaka aliruka kutoka kwenye kochi. "Mbele ya wageni wangu?"

"Ndiyo, mbele yao! Wakuone vizuri! Umemfukuza mama yako kwa ajili ya sanduku!"

"Nani kamfukuza? Mama alikubali! Nilimuuliza vizuri pale mlango wa uani, na wifi yako alikuwepo. Nikamwambia Mama, tukuhamishe kwenye kona? Akaitikia. Alikubali mwenyewe!"

"Nilikubali nini?"

Ilikuwa sauti ya Mama, ile kubwa ya mashineni. Tukageuka wote. Alikuwa ameegemeza kichwa pale kuta zinapokutana, na anatutazama mmoja mmoja.

"Kuhama, Mama," Kaka akasema. "Nilikuuliza ulipokuwa unarudi ndani na nguo ulizoanua."

"Nilikuona unaongea," Mama akasema. "Ulikuwa unacheka, nikajua ni jambo jema. Nikaitikia."

Wifi, aliyekuwa ameokota kile kitambaa cha juu ya sabufa, aliacha kukikunja.

"Mashine ilinila masikio zamani," Mama akaendelea, bila kumlaumu mtu. "Nikikaa hapa kuta zinaniletea sauti zenu, nawasikia. Kule kwingine naona midomo tu. Naitikia, msije mkadhani nina kiburi."

Shikamoo zangu zote za ukumbini zilikuwa zimeishia hewani, nami nikadhani amenuna. Hasira ilikuwa bado imenijaa kifuani, na sasa sikujua nimtolee nani.

"Sasa niko hapa," Mama akamwambia Kaka. "Niulize tena."

"Basi, Mama. Yaishe."

"Niulize, mwanangu. Ulikuwa unataka kuniuliza nini?"

Kaka aliwatazama wenzake. Walikuwa wanaangalia viatu vyao. Akaisogelea kona, akainama mpaka uso wake ukawa karibu na uso wa Mama.

"Mama," akasema kwa sauti iliyokauka, "naomba tukuhamishe hapa, tuweke sabufa."

Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kila neno.

"Hapana," akasema.