Saba Mara Nane Juu ya Ulingo

Niliporudi kijijini kwetu Wema mwezi uliopita, kilichonigutua ni ukimya. Mpunga ulikuwa umesimama, unaanza kutia maziwa, na ndege walikuwapo kama kawaida yao, lakini hapakuwa na mtoto hata mmoja anayepiga kelele. Juu ya mashamba watu walikuwa wametandaza kamba za plastiki zinazometameta, na ndege walikwisha kuzizoea, wengine wamezikalia. Nilisimama kwenye tuta na begi mgongoni, nikacheka peke yangu. Ukimya ule, rafiki yangu, ulinirudisha darasa la saba.

Nikueleze mapema kwamba mimi ni mtu wa wasiwasi. Kuandika nimejifunza mwenyewe, na aya unayoisoma nimeifuta na kuirudia hadi chai yangu imepoa. Ugonjwa huu ulinipata mwaka nilioteuliwa kuingia darasa la mchujo.

Shule ilikuwa imekusanya watoto waliofanya vizuri kutoka vijiji vya kando ya mto, ikatuweka katika chumba kimoja chenye rangi mpya na madirisha mapana. Wenzetu wa chumba cha pili walituita darasa la mayai, kwa kuwa tulibebwa kwa uangalifu. Hawakujua jinsi mayai yanavyochemshwa! Kila jioni tulitoka na hesabu kurasa nzima, insha, ramani yenye mito yake yote, na sayansi ya kukariri. Ijumaa mzigo uliongezwa, ungedhani wikendi ni mnyama wa kubeba. Na mwisho wa muhula, aliyeachwa nyuma kwenye mtihani alijitwika dawati lake mwenyewe, akalihamishia chumba cha pili, shule nzima ikitazama.

Dawati hilo nililiota. Nilikuwa nikiandika jibu, nalifuta, naliandika tena lile lile kwa mwandiko mzuri zaidi, hadi karatasi inatoboka. Jirani yangu wa dawati alichungulia kwenye tundu akaninong'oneza, "Jibu limetokea upande wa pili, lifuate."

Halafu ukafika msimu wa kuamia ndege, kuwafukuza wasile mpunga. Kwetu hakuna mtoto aliyesamehewa kazi hiyo, awe wa mayai au wa kuku. Tukitoka shuleni, na siku zote ambazo hakuna shule, tulipanda juu ya ulingo, kile kichanja cha miti katikati ya mpunga, tukiwa na teo za kurushia madongo ya udongo mkavu, na sauti zetu. Na kelele zilikuwa na adabu yake. Ukipiga, "Hoiyaaa!" jirani sharti aitikie, "Hoiyooo!" la sivyo ndege wanaoruka kwako wanakwenda kutua kwake. Kunyamaza ilikuwa aibu, kama kusikia hodi usiitikie. Nyanya yangu alisema, "Ukinyamaza, umewakaribisha mezani."

Nilipanda na penseli yangu nikajaribu kufanya yote mawili. Nikiinamia hesabu, ndege wanashuka. Nikiwafukuza ndege, hesabu inanipotea. Mwishowe nikaanza kulia. Nyanya alikuwa chini, anamenya ndizi za kuchemsha za kulia kambare, na harufu ya ule mchuzi wa kambare naisikia hata sasa.

"Nyanya, nitahamishwa."

"Utahamishiwa wapi?"

"Chumba cha pili."

"Kuna wali huko?"

"Hakuna."

"Hata hicho chako cha mayai hakina. Wali uko hapa. Piga kelele, mke mwenzangu."

"Na hesabu?"

Akaniinulia uso, ndizi mkononi. "Kwani hiyo hesabu yako ni bubu? Ipigie kelele."

Nikasimama, nikavuta pumzi. "Saba mara naneee!" Ndege wakaruka kama vumbi. Na yule mama wa shamba la jirani, ambaye hakuwahi kuacha kelele ya mtu bila kuiitikia, akajibu kwa sauti yake nene, "Nyingiii!"

Tulicheka hadi ulingo ukatikisika. Kuanzia siku hiyo nilipigia kelele kila kitu: majedwali, mito, sehemu za ua, hata mianzo ya insha. Watoto wa mashamba ya mbali wakaitikia, wengine kwa majibu ya kweli, wengine kwa utani. Mfugaji mmoja wa Kiorma aliyekuwa akipitisha ng'ombe wake kwenye tuta alisimama akauliza, "Nyinyi, mnafukuza ndege au mwalimu?"

"Wote wawili!" nyanya akamjibu.

Siku ya mtihani ikafika. Chumba kilikuwa kimya kabisa, nami nikajikuta mtupu. Kila nilichokijua kilikuwa kooni, na koo lilikuwa limefungwa. Nikaliona dawati langu kichwani pangu. Hapo ndipo ndege wawili wadogo walipoingia dirishani wakatua kwenye boriti. Sikufikiri. "Hoiyaaa!"

Na darasa zima, watoto wa mpunga wote, wakaitikia kabla hawajajizuia, "Hoiyooo!" Sauti iliyozidi zote ilitoka mbele. Ilikuwa ya mwalimu. Naye alikulia juu ya ulingo, katika vijiji vya upande wa juu wa mto. Alijiziba mdomo kwa mkono wenye chaki, masharubu yakabaki meupe, tukacheka mpaka tukalala juu ya madawati. Baada ya hapo koo likafunguka. Niliandika huku midomo ikinicheza, na dawati langu halikwenda popote. Na msimu mwingine wa mpunga ulipofika, mwalimu alitupa kazi ya nyumbani ya aina moja tu: ile inayoweza kupigiwa kelele.

Sasa darasa la mchujo halipo, na chumba chake ni stoo. Watoto wa nyumbani wanafanya kazi zao kwenye simu, kimya, vichwa chini, na hakuna wa kuwaitikia. Huenda wanafaulu kuliko sisi. Sijui, na unavyonijua, hilo nalo linanikosesha raha.

Lakini pale kwenye tuta nilijaza kifua. "Saba mara naneee!"

Ndege wakaruka wote. Jirani yetu, mama yule, alikwisha kufariki, kwa hiyo sikutarajia kitu. Nikainama kufunga kiatu. Ndipo kutoka jikoni kwetu, kwa sauti iliyokwaruza kwa uzee, nyanya akaitikia kwa niaba yake, "Nyingiii!"

Nikashuka tuta mbio. Kambare alikuwa anaiva.