Redio Yetu na Magunia ya Kahawa

Kosa langu la kwanza katika mambo ya sauti nililifanya nikiwa na miaka kumi na mmoja, kabla sijajua hata kushika bisibisi: nilimchagulia bibi redio kwa kuhesabu ngolo.

Ngolo ni yale mashimo tunayolimia huku milimani Mbinga. Za kwetu zilianzia karibu na mlango, zikashuka hadi mtoni. Mjomba alikuwa ameleta redio mpya kutoka Songea, ya plastiki inayong'aa. Ile ya zamani, ya mbao, ilikuwa sauti ya nyumba yetu tangu nizaliwe. Moja ingebaki, nyingine ingeenda kwa shangazi, Mbamba Bay, kando ya Ziwa Nyasa. Basi niliwasha ya mbao, nikashuka nikihesabu hadi maneno ya mtangazaji yakapotea: ngolo ya kumi na mbili. Ile mpya ilinifikisha ya kumi na tisa. Niliandika kwa mkaa mlangoni.

"Bibi, mpya imeshinda!"

Bibi alikuwa akichambua maharage. "Kwani mimi nakaa ngolo ya ngapi?"

Tulicheka wote. Lakini nilikuwa wa kwanza darasani, na bibi aliniamini. Redio ya mbao ikashuka ziwani.

Tangu hapo kwaya ya Jumapili aliisikiliza akiwa nje, ameegemea ukuta. "Ndani inanipigia kelele," alisema. Shangazi alitutumia usipa, dagaa wa kule ziwani, kwa shukrani, na kila harufu yake ilipotoka jikoni nilikula nimeinamisha kichwa.

Ajabu ni kwamba kila msimu wa kahawa bibi alirudi ndani. Kahawa kavu ilijaa sebuleni hadi usawa wa dirisha, kwa kuogopa wezi. Tulikaa juu ya magunia, vidole vikinuka maganda, naye akasema, "Leo inaongea kama mtu." Nilidhani ni furaha ya mavuno. Nikaamua kwamba masikio ya bibi hayapimiki, nami nikaendelea kupenda namba.

Sasa najifundisha mwenyewe kutengeneza spika. Nimeunda nne, na kila moja nimeibomoa mara tatu kwa hofu kwamba mstari wa sauti yake kwenye vipimo haujanyooka. Julai hii nilirudi nyumbani na kipaza sauti cha kupimia, cha kuchomeka kwenye simu. Sebule ilikuwa tupu. Siku hizi kahawa hupelekwa kiwandani ikiwa bado nyekundu, siku ileile ya kuchumwa. Hakuna gunia linalolala ndani. Nikapiga makofi. Bati na sakafu ya saruji vikanijibu kwa mwangwi.

Nikakumbuka magunia ya kahawa. Kisha nikaburuta magunia ya mahindi kutoka stoo, nikayapanga palepale ilipokuwa kahawa, nikawasha redio ileile ya plastiki. Mstari wa vipimo kwenye simu ulitulia. Kabla sijasema neno, bibi aliinua kichwa kitini.

"Hee! Inaongea."

"Ni magunia, bibi! Yanameza mwangwi."

"Nilijua ni magunia."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuja na namba, baba. Hukuja na swali."

Redio ya mbao ilikwisha kuoza kwa unyevu kule ziwani, na kahawa haitalala tena sebuleni kwetu. Bado napima kila kitu, sijapona. Ila sasa kipaza sauti nakiweka pale msikilizaji anapokaa, na kabla ya kukiwasha namuuliza anasikia nini.