Gunia Juu ya Kibao

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za barabarani, mwanangu, ni Jumamosi moja kabla ya komunyo yako ya kwanza. Wewe unaijua kama siku ambayo gari la baba liliharibika njiani. Ndivyo nilivyokuambia ulipokuwa na miaka tisa, umevaa gauni jeupe ulilogoma kulivua mpaka nirudi, na ndivyo nilivyoendelea kukuambia hadi leo. Sasa una kibali cha kuendesha magari mazito, Jumatatu unakabidhiwa tangi la asidi, na jana mezani ulicheka ukasema wenzako wamekwisha kukufundisha kukunja kibao cha hatari ukikaribia barrière ya polisi. Mama yako alicheka pia. Mimi niliacha sahani ya bukari nusu nikaenda kukaa uani, mkadhani ni tumbo.

Haikuwa tumbo. Nakuandikia badala ya kukuambia kwa sababu wewe Monique huna subira ya kusikiliza, unakatiza kama mama yako, na habari hii nikikatizwa katikati sitaweza kuimaliza.

Asidi tunayoivuta kutoka Zambia ndiyo migodi ya kwetu hutumia kutoa shaba kwenye mawe. Ukiiona kwa macho haitishi hata kidogo. Inang'aa, ni nzito nzito, inateleza kama mafuta. Ndiyo maana sheria inataka tangi libebe vibao, na kile muhimu zaidi kina picha ya mkono unaotobolewa na matone. Wakati ule nilikuwa na miaka thelathini na kitu, mwili una nguvu, na nilijiona mjanja kuliko sheria na aliyeitunga.

Kibao kile kilikuwa kinanichosha. Kwenye kila kizuizi, askari akiona picha ya mkono alinivuta pembeni. Glavu ziko wapi? Chokaa ya kumwagia asidi ikivuja iko wapi? Karatasi ya ruhusa iko wapi? Na kusema kweli alikuwa na haki ya kuuliza, maana glavu zangu zilikuwa zimetoboka, na chokaa bosi alisema tutapewa safari ijayo. Safari ijayo hiyo niliingoja mwaka mzima. Basi madereva tulikuwa na dawa yetu: gunia tupu la mahindi, kamba mbili, unafunika picha, unapita kama mtu aliyebeba maji. Kibao cha mbele sikuhitaji kukifunika. Kilikuwa kimeanguka siku nyingi na hakuna aliyekitafuta.

Safari ile nilikuwa nimekaa siku nne kwenye foleni ya mpakani Kasumbalesa. Utapajua pale, na utapachoka. Unalala ukiwa umekaa, unaamka kusogea hatua kumi, unalala tena, na bosi anapiga simu kuuliza kama umeoa huko. Siku hizi mabosi wana kile chombo kinachowaonyesha gari limesimama wapi, lakini hakiwaonyeshi kwamba dereva hajalala. Nilipovuka, Jumamosi saa nne asubuhi, nilikuwa na wazo moja tu kichwani, nalo ni wewe na mshumaa wako kanisani kesho yake. Nikafunga gunia vizuri, mafundo mawili kila upande, nikaondoka.

Nilikuwa nimefika karibu nusu ya njia gurudumu la nyuma lilipoingia kwenye shimo nililolijua tangu zamani. Ningekuwa nimelala vya kutosha ningelikwepa. Nikasikia kishindo, nikasogea kando karibu na kijiji kimoja kidogo, nikashuka kuangalia. Bomba la chini la tangi lilikuwa limelegea na asidi inatoka, uzi mwembamba tu, inaingia kwenye mtaro wa barabara. Nilijaribu kukaza kwa funguo nikashindwa, na kwa glavu zile zenye matundu niliogopa kuendelea. Simu haikuwa na mtandao. Kule porini, ukitaka mtandao unapanda kichuguu, na vichuguu vya kwetu unavijua, vingine virefu kuliko nyumba. Nikapanda kimoja upande wa pili wa barabara, mita mia hivi kutoka kwenye gari, nikaanza kumtafuta bosi.

Nikiwa juu kule niliwaona. Walikuwa wanatoka kijijini mbio, akina mama kwa akina baba, na bidon za njano, yale madumu ya maji, na mabeseni, na mmoja amebeba sufuria. Tangi limesimama, kinavuja kitu kama mafuta, dereva hayupo. Ningekuwa mimi ningekimbia pia.

Niliteremka kichuguu kile nikianguka na kuinuka, napiga kelele.

"Muache, iko acide, inaunguza bantu."

Unajua walifanya nini? Walinicheka. Baba mmoja alinijibu bila hata kugeuka, "Weee shofere, bote munasemaka vile. Iko mafuta ya patron, haiko yako." Na alikuwa na sababu. Kila dereva anayemwaga dizeli barabarani huwaambia watu ni sumu ili wasiisogelee. Mimi mwenyewe nimewahi kusema hivyo. Nikanyoosha mkono kuwaonyesha kibao nyuma ya tangi, na hapo nikaona nilichokuwa naonyesha: gunia la mahindi, limefungwa vizuri, mafundo mawili kila upande.

Mwanangu, nimeogopa mara nyingi barabarani. Nimekatikiwa breki kwenye mteremko, nimekutana na gari lisilo na taa kwenye kona. Sijawahi kuogopa kama dakika ile. Mbele ya wote alikuwa mama mmoja wa makamo, kitenge cha bluu, ameinama, ameweka mdomo wa bidon chini ya bomba, na vidole vyake viko karibu na uzi ule kama vyangu vilivyo karibu na karatasi hii. Bidon ilikuwa imekwisha kupata kikombe kizima.

Hapo ndipo alipofika Vieux Kabange. Vieux, yaani mzee, ndivyo madereva wote tulivyomwita kwa heshima; alikuwa mwenyeji wa Mitwaba, mfupi, mpole, aliyekuwa amebeba shaba kwenye barabara zile tangu mimi nikiwa shuleni. Alitoka mjini akielekea mpakani. Alisimamisha gari lake katikati ya barabara, akaangalia bomba, akaangalia gunia, akaniangalia mimi. Hakupiga kelele. Alirudi kwenye gari lake akavaa glavu ndefu za mpira zinazofika kwenye viwiko, akachukua sahani ya bati aliyokuwa akilia chakula, na paketi ya sukari yake ya chai. Akaja nayo polepole katikati ya watu. Nadhani walimpisha kwa sababu walitaka kuona mzee huyu na sukari yake anafanya nini.

"Mama," akamwambia yule wa kitenge cha bluu, "ile bidon, uiweke chini polepole. Siko nakuibia. Minataka kukuonyesha kintu."

Mama akaiweka chini. Kabange akamwaga sukari yote kwenye sahani, akaiweka katikati ya lami, akachukua bidon ya mama na kuimimina kidogo juu yake. Kisha akarudi nyuma hatua tatu na kunyoosha mikono, nasi sote tukarudi nyuma pamoja naye.

Mwanzoni hakukuwa na kitu. Mtu mmoja akaguna. Halafu sukari ikawa ya njano, ikawa kahawia, ikawa nyeusi, na ile nyeusi ikaanza kuinuka. Iliinuka, Monique. Ilitoka kwenye sahani yenyewe, bila moto, inatoa mvuke, inavimba na kupanda mpaka ikasimama urefu wa mkono wa mtoto, nyeusi kama mkaa, na harufu ya sukari iliyoungua ikatufikia puani. Nilikuwa nimevuta asidi ile miaka miwili na sikujua kwamba ilikuwa na uwezo huo. Nilitaka kupiga magoti, sijui kwa nini, mbele ya sahani ya bati.

Kabange akainyooshea sahani kidole.

"Ile njo mukono yako, mama," Kabange akasema. "Ao tumbo ya mutoto mwenye atapita hapa na kiu."

Watu waliweka vyombo vyao chini taratibu, mmoja mmoja, kama wanavyoweka matoleo mbele ya altare. Yule baba aliyenicheka ndiye aliyekwenda kuwazuia waliokuwa bado wanakuja kutoka kijijini. Yule mama hakuondoka. Aliangalia vidole vyake, akavigeuza, akaviangalia tena.

Kabange akaenda nyuma ya tangi langu, akafungua mafundo yote manne bila haraka, akalikunja gunia, akaniletea.

"Ile picha, ulikuwa naficha nani asiione?"

"Ba ku barrière, vieux."

"Ba ku barrière banakunywaka mu tangi yako?"

Nikalipokea gunia. Yeye akaendelea:

"Plaque, ile kibao, haiko ya ba polisi, mutoto yangu. Iko ya bale benye banakimbiaka kuya kukusaidia siku unaanguka. Ao kuya kukuibia. Bote ni bantu."

Hayo tu. Akanivulia glavu zake akanipa, nikakaza bomba mpaka uzi ukapungua, akanisaidia kukata matawi tukayapanga barabarani mbele na nyuma ya gari ili wengine waone kuna hatari, kisha akapanda kichuguu na kumpigia bosi wangu yeye mwenyewe. Sikusikia alichosema, lakini bosi aliahidi watu wenye chokaa. Walifika kesho yake mchana. Misa yako ilikuwa imekwisha.

Jioni ile ya Jumamosi, jua likiwa bado juu kidogo, yule mama aliniletea bukari na ndakala, samaki wadogo wakavu. Anaitwa Mama Agnès. Alikaa kwenye jiwe akaningoja nile, kisha akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ulijua ni nini iko ndani?"

"Nilijua, mama."

"Na nani alifunika ile picha?"

Ningeweza kusema ni bosi. Ningeweza kusema upepo. Nilisema, "Ni miye."

Alichukua sahani yangu akaifuta kwa pindo la kitenge. Nilitamani anitukane, ingekuwa nafuu. Mwishoni akasema, "Miye siyue kusoma. Lakini mukono ningeona." Akanyanyuka, akaenda nyuma ya tangi, akasimama mbele ya kibao akakitazama kama mtu anayejifunza sura ya mgeni. Halafu akarudi kwake, akachukua kaa lililozimika jikoni, na kwenye ukuta wa nyumba yake unaotazama barabara akachora mkono na matone. Mchoro mbaya, vidole sita, lakini kila mtu aliyepita aliuelewa.

Safari zilizofuata nilikuta mkono ule kwenye ukuta wa pili, halafu wa tatu. Kila nilipouona nilipunguza mwendo. Watu ambao ningewaua kwa gunia walikuwa wanafundishana, na hakuna aliyewalipa wala kuwaamuru. Hilo bado linanishangaza kuliko sukari ile.

Sasa unajua kwa nini kwenye picha yako ya komunyo, ile iliyo ukutani sebuleni, upande wa kulia kwako amesimama mjomba wako badala yangu. Nilikudanganya kwa sababu niliona aibu, na aibu ile bado ninayo. Unisamehe.

Nisikilize basi. Usikunje kibao. Watakusimamisha, watakuchelewesha, watakuuliza glavu na chokaa. Basi uwe nazo, na kama bosi hakukupa, usiwashe gari. Atasema kuna wengine wanaoitaka kazi hiyo, na ni kweli wapo, wamejaa pale getini tangu alfajiri. Mwambie awape. Usingizi ukikushika baada ya foleni, egesha ulale, hata kama simu inalia, hata kama ni harusi ya mwanao mwenyewe inayokungoja. Mimi nilikimbilia komunyo na sikuiona. Na siku ukikosea, kwa maana utakosea, sema ni mimi. Sema mapema, kabla mtu hajainama chini ya bomba lako.

Glavu za Kabange nimeziweka juu ya begi lako. Mpira wake umekauka, hazifai tena kwa kazi, lakini uzitundike kwenye kabini uzione.

Mungu wa babu zako waliojenga reli akushike usukani pale mikono yako itakapochoka. Akupe breki zinazosikia na macho yasiyofumba, na akurudishe nyumbani Katuba ukiwa mzima kila safari, wewe na kila mtu uliyempita njiani. Na ukifika kwenye kile kijiji, utakijua kwa mikono iliyochorwa ukutani, punguza mwendo upige honi mara mbili. Mama Agnès bado yupo. Atatoka nje, atatazama kibao chako kwanza, kisha ndipo atatazama uso wako na kuona kwamba wewe ni mwanangu.