Ruqayya, Kijana na Mapumziko ya Lazima

Ruqayya alikuwa na dharau ya kumtosha yeye na nyingine ya kugawia majirani. Aliuza chakula cha mifugo Gatongora, na kila mteja alipimwa kwa jicho kabla hajafungua mdomo: huyu anamkondesha ng'ombe wake, yule ananunua dawa ya kuku waliokwisha kufa. Alifyonya, akapima, akafunga. Watu walirudi kwa sababu bidhaa zake zilikuwa safi, si kwa ajili ya uso wake.

Farasi wake aliitwa Kijana, ingawa ujana ulikuwa umemtoka zamani. Alimchukua kutoka shule ya kupanda farasi iliyofungwa huko Kahawa Sukari, wakati hakuna mwingine aliyemtaka. Wauza makaa wa mtaani wakamwita punda. Jina hilo lilimuuma Ruqayya. Mara mbili alimwingiza kwenye mbio za masafa marefu, na mara mbili Kijana akasimamishwa njiani na daktari wa mbio. Sasa alikuwa amezeeka, na mbio hizi za Julai zingekuwa za mwisho. Ruqayya hakutaka kombe. Alitaka mnyama wake amalize, walau mara moja maishani, halafu akale nyasi zake kwa amani.

Njia ilikatiza mashamba ya kahawa na mananasi kati ya Ruiru na Thika, kwenye baridi ile ya Julai na manyunyu yasiyokatika. Katikati ya safari kila farasi hupita kwa daktari, na hapo, kwa maoni ya Ruqayya, ndipo wapumbavu hujulikana. Mapumziko hayaanzi kuhesabiwa mpaka moyo wa farasi ushuke hadi mapigo sitini na manne kwa dakika. Kisha anapumzika dakika arobaini, utake usitake, na daktari anamkagua tena kabla ya kumruhusu kuondoka. Anayeingia shoti kwa mbwembwe anajichelewesha mwenyewe: anabaki kummwagia maji mnyama anayehema, huku aliyekuja polepole ameshaanza kupumzika.

Maxine wa Kahawa Sukari aliingia shoti. Alikuwa na buti za kung'aa na tandiko la bei mbaya, na farasi wake alikuwa akitoa povu. Ruqayya alikuwa ameshuka mapema, akalegeza mkanda wa tandiko na kumwongoza Kijana kwa mguu hadi kituoni. Dadake, Sumeya, akammwagia farasi maji mwili mzima. Daktari Kaleli akamsikiliza moyo, akambonyeza ufizi, akavuta ngozi ya shingo kuona kama inarudi upesi, kisha akaagiza akimbizwe mchakamchaka kwenda na kurudi, atazame miguu. Kijana akapita. Farasi wa Maxine bado alikuwa anangojewa atulie. Ruqayya akamtazama Maxine juu mpaka chini, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Raha iliyoje.

Upepo ukaanza kuvuma. Farasi wa Maxine alipopita hatimaye, Maxine alimfunika mgongo na makalio kwa blanketi nzito, kisha akaja na nyingine mkononi.

"Ruqayya, chukua hii, mimi niko na mbili," alisema. "Wako ameloa sana huku nyuma."

"Huyu ni farasi. Watoto wa kliniki ndio hufunikwa."

Maxine akarudi zake. Sumeya akanong'ona kwamba blanketi haina ubaya, waombe tu. Ruqayya akamwambia aache kujipendekeza kwa mabibi wa Kahawa Sukari. Kwake hiyo blanketi ilikuwa maringo yaleyale ya buti, na angeipokea, Maxine angepata la kusimulia mwaka mzima. Basi Kijana akasimama pale na maji yake mgongoni, mkia ameubana, akitafuna nyasi kavu. Ruqayya akanywa chai, akiwacheka kimoyomoyo waliokuwa bado wanahangaika na ndoo.

Muda ulipotimia akavuta hatamu. Kijana hakusogea. Akamvuta tena, naye akapiga hatua fupi fupi, miguu ya nyuma imekakamaa, haikunjiki. Daktari Kaleli akaja, akaweka kiganja juu ya paja la farasi, akakiacha hapo kwa muda. Akaomba akimbizwe kidogo. Kijana alijaribu, maana alikuwa mnyama wa kutii, lakini miguu ilimkatalia.

"Huyu haendi," daktari alisema. Misuli ilikuwa imekaza kwa baridi. Afunikwe sasa hivi, asitembezwe mpaka alegee, na gari la kumbeba liitwe. Kisha akamtazama Ruqayya, na hasira ikaonekana usoni mwake. "Moyo ulikuwa sawa, miguu ilikuwa sawa. Huyu alikuwa amalize leo. Nani alimwacha hivi?"

Sumeya akainamisha macho. Maxine alikuwa karibu, akikaza tandiko lake, na alisikia kila neno. Ruqayya akamtazama, kisha akamtazama daktari, akitafuta wa kumbetulia mdomo. Kijana alikuwa akitetemeka.

"Ni mimi," akasema.

Akangoja wamcheke, kama ambavyo yeye angewacheka. Hakuna aliyecheka.