Sola ya Mfangano na Omena za Mama Dorka

Niliondoka Migori kwa sababu ya taa. Binamu yangu Akinyi, muuguzi wa zahanati ndogo kisiwani Mfangano, alikuwa ametuma neno kupitia kwa wachuuzi wa samaki. Jumamosi wanakijiji wangekutana kuamua kama waiuze sola ya chumba cha kujifungulia, wanunue jenereta. Yeye ndiye aliyewashawishi wachange. Sasa taa ilikuwa ikizimika kila siku kabla watu hawajamaliza chakula cha jioni, na akina mama walikuwa wamerudi kujifungua kwa koroboi na moshi wake. "Njoo unisaidie kusema," aliagiza. Alijua katika kilabu chetu cha wasomaji nilikuwa nimelisifu jua mpaka wenzangu wakaniomba nipumzike.

Ijumaa asubuhi nilipewa nafasi ndani ya pikapu ya mchuuzi wa samaki iliyokuwa ikirudi ziwani. Tulipita miwa ya Rongo, mirefu na yenye umande, na jua likapanda mbele yetu kama wakili wangu.

Homa Bay nilishuka kumwona Bwana Salim, mfanyabiashara aliyewauzia sola hiyo. Nilimuuliza kama huenda ilikuwa mbovu.

"Dada, ile ni kioo, si mkate. Haiozi," alisema, akinisogezea kahawa. "Labda kwenu kuna mawingu."

"Mfangano? Jua la huko linachoma mpaka mawe."

"Basi kaliulize jua. Mimi nimeuza kioo tu."

Kutoka Mbita nilivuka kwa boti, maji yakimetameta pande zote. Nilijiambia kwamba palipo na mwanga mwingi hivyo, hoja yangu ilikuwa imeshinda tayari.

Mfangano nilipokewa na Mama Dorka, mama mkwe wa Akinyi, mwanamke mnene mwenye kicheko kinachotangulia mwili wake. Biashara yake ilikuwa omena, wale dagaa wadogo wa ziwani, na jioni hiyo alitupikia sahani tele. "Kula, nyar Migori, binti wa Migori! Kesho utagombana na wanaume, utahitaji nguvu." Hatukuwa tumemaliza ugali taa ya zahanati ikawa nyekundu, kisha ikafa. Akinyi aliinuka akatafuta kiberiti.

Jumamosi, jua likiwa utosini, niliizunguka zahanati nikitafuta maneno mazuri ya hotuba. Jengo limeegemea mlima, kwa hiyo ukipita njia ya juu paa lake liko chini ya kiuno chako. Ndipo nilipoona. Sola yote, kona hadi kona, ilikuwa imetandazwa omena. Ziling'aa kama fedha, na paka wawili walikuwa wakizikagua.

Nilimkimbilia Akinyi. Alicheka hadi akakaa chini. Kisha kicheko kikakatika.

"Ni za Mama. Hakuna mwingine anaanika upande huu. Mimi hushinda ndani na wagonjwa, na jioni yeye huwa ameshazitoa."

"Basi tumeshinda! Tuseme mkutanoni."

"Aseme nani? Mimi nimtaje mama ya bwanangu mbele ya watu? Hata wewe ni wa upande wa bibi arusi. Nyamaza."

Alasiri, kwenye uwanja wa zahanati, tulikaa midomo imefungwa huku Jaduong' Ouko, mzee mwenye posho mill, kinu cha kusagia mahindi, akiichambua sola.

"Jenereta ukivuta kamba, inanguruma, unajua iko kazini. Hii yenu inalala juu ya nyumba kama mlevi! Sista, ifanyie mazishi."

Watu wakacheka. Akinyi aliinamisha kichwa. Ndipo Mama Dorka aliposimama, amekasirika kwa ajili ya mkaza mwanawe.

"Ouko, wacha kusumbua mtoto wangu! Hiyo kitu inafanya kazi. Mimi ni shahidi. Omena yangu inakauka hapo haraka kuliko kwa mawe!"

Uwanja mzima ukapasuka kwa kicheko.

"Kwani nimesema nini?" aliuliza.

Ouko alijipiga paji la uso. "Mama, hiyo kioo inakula jua. Wewe umeiziba mdomo na samaki, itashiba namna gani?"

"Kumbe inakula jua?"

"Inakula, ndiyo!"

"Na ikishiba inatoa taa?"

"Inatoa..." Alijiuma ulimi, lakini akina mama walikuwa wameshaanza vigelegele.

Ouko hakuachia hivihivi. Aliuliza mvua za masika zikishika wiki nzima itakuwaje. Wakakubaliana sola ibaki, na siku za mawingu betri ichajiwe kwa injini ya posho mill. Ouko alitaka ashukuriwe kwa hilo, akashukuriwa.

Jumapili jioni, baada ya kuosha kioo na kukiacha kule juu mchana kutwa, tulikula, tukanawa, tukasimuliana, na taa ilikuwa bado nyeupe.

Jumatatu nilianza kurudi na hotuba yangu ikiwa nzima. Nilichojifunza ni kwamba jua la bure lahitaji mtu wa kulifungulia njia, na kwamba aliyelizuia anaweza kuwa ndiye anayelipenda kuliko wote. Boti ilipoacha ufuko nilimsikia Mama Dorka, yuko juu ya njia ya mlima na kitambaa mkononi, akimfukuza jirani aliyekuja na beseni la omena: "Peleka kwa mawe! Hapa mtu anakula!"