Msinishike, Nihesabuni Kwanza

Mke wangu ni mwalimu wa fizikia, mimi seremala, na nyumbani kwetu kwenye ubishi wa hesabu hunishinda kabla sijakaa kitako. Alipoumia uti wa mgongo akarudi shuleni kwa kiti cha magurudumu, mkuu wa shule alimpokea kwa maneno matamu, kisha akamtolea ufunguo wa stoo, akatunze vifaa. Fizikia, alisema, inataka mtu wa kusimama ubaoni.

Mke wangu hakuugusa. "Nipe kipindi kimoja, mkuu. Wewe kaa nyuma utazame. Nikishindwa, stoo nitaingia mwenyewe."

Siku hiyo nilimsukuma hadi darasani, nikabaki mlangoni. Mapajani alipakata mpira wa ngozi uliojazwa mchanga. Aliwaambia wanafunzi watandike godoro mbele yake, akafungua breki za kiti, akaurusha mpira kwa nguvu zake zote. Mpira ukaenda mbele, kiti kikarudi nyuma. Kilirudi taratibu, lakini nyuma kulikuwa na ukuta. Nikakimbia kumdaka. Wanafunzi nao wakainuka.

"Msinishike," alisema. "Nihesabuni kwanza."

Kiti kikasimama chenyewe, hatua moja kabla ya ukuta.

"Mpira ni kilo tano. Mimi na kiti, sabini na tano. Haya, nani kaenda kwa kasi zaidi, na mara ngapi?"

Msichana wa dawati la mbele alikuna kichwa. "Mpira umeondoka na kasi mara kumi na tano ya yako, mwalimu. Momenta ni kilo mara kasi. Mwanzo ilikuwa sifuri, kwa hiyo ya mbele na ya nyuma lazima zilingane."

"Vizuri. Na nishati, tumegawana nusu kwa nusu?"

"Ndiyo," wakajibu wote.

"Hapana. Mpira, kwa wepesi wake, umechukua mara kumi na tano ya fungu langu."

"Sasa imetoka wapi yote hiyo?" akauliza mmoja. "Si ulisema nishati haizuki tu?"

"Imetoka mkononi mwangu. Na mkono umeipata kwenye chakula cha asubuhi." Akaninyooshea kidole. "Kapika yule pale."

Darasa zima likageuka kunitazama. Mkuu aliurudisha ufunguo mfukoni, akauliza kama naye anaweza kujaribu kurusha.

Miaka imepita, na bado anafundisha katika chumba kile kile. Namshukuru Mungu, namshukuru na mkuu yule kwa kukubali kukaa nyuma. Ila kila asubuhi mimi ndiye ninayeamka kwanza kubandika sufuria, maana nilishaambiwa mbele za watu nguvu zake zinaanzia wapi.